Janga la UVIKO-19 na Uokoaji wa Wanaojaribu Kujitoa Uhai

Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Marekani, Avery Weisman na William Worden, walichapisha kipimo cha kutathmini uzito wa jaribio la mtu kujitoa uhai. Kipimo hicho kina pande mbili. Upande wa kwanza hutazama madhara yaliyompata. Wa pili hutazama uokoaji: alikuwa wapi, nani angeweza kumkuta, msaada ulikuwa karibu kiasi gani, na muda gani ulipita kabla ya kugunduliwa. Upande huu wa pili, kwa maoni yetu, ndio unaotuhusu zaidi sisi waamini, kwa kuwa ndani yake jirani ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Janga la UVIKO-19 liliugusa hasa upande huo. Aliyefungiwa nyumbani pamoja na wengi alikuwa na macho mengi ya kumwona. Mjane au mstaafu aliyeishi peke yake alimpoteza hata yule aliyezoea kumgongea mlango. Tena kuonekana hakutoshi, sharti mtu afikishwe hospitali. Nchini Uganda usafiri wa umma ulisimamishwa Machi 2020. Nchini Kenya amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020, jioni ileile Baba Mtakatifu Francisko aliposali katika Uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro. Huduma muhimu ziliruhusiwa kupita, lakini katika mitaa yetu mingi anayempeleka mgonjwa usiku si gari la wagonjwa, bali ni jirani au kijana wa bodaboda.

Hatari yenyewe haikuja mara moja. Nchini Japani vifo vya kujiua vilipungua kwa asilimia 14 kati ya Februari na Juni 2020, kisha vikaongezeka kwa asilimia 16 kati ya Julai na Oktoba, hasa miongoni mwa wanawake na vijana. Nchini Marekani, mapema mwaka 2021, wasichana wa miaka 12 hadi 17 waliofikishwa katika vyumba vya dharura kwa kushukiwa kujaribu kujiua waliongezeka kwa takriban asilimia 51 kuliko kipindi kama hicho cha 2019. Kwa wavulana ongezeko halikufika asilimia 4.

Aibu nayo huchelewesha uokoaji. Familia huficha, na dakika zinapita. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282 na 2283, inafundisha kuwa matatizo mazito ya akili na uchungu mkubwa hupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua. Sheria ya Kanisa ya 1917 iliwanyima mazishi waliojiua kwa makusudi. Ile ya 1983 haiwataji tena. Inasikitisha kwamba katika baadhi ya jumuiya watu bado wanaishi kana kwamba ni ile ya zamani.

Ukimhofia mtu, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari, mpeleke hospitali. Akisharudi nyumbani, wanajumuiya waendelee kumtembelea, kwa sababu majuma ya kwanza baada ya kutoka hospitali ni ya hatari kubwa.