Mtumba wa Kasekera

Mtunzi wa filamu za kutisha akitaka kisa cha msiba na siri, hana haja ya kubuni. Njia ya kale ya misafara, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, inacho tayari.

Oktoba 1873 msafara uliingia Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Watu wawili walichukua mzegazega mzigo mrefu, uliofungwa kwa gome la mti na kitambaa cha tanga. Ndani mlikuwa na maiti ya David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, aliyefariki Mei mwaka huo katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliutoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani majuma mawili, wakaukunja miguu ili mzigo uwe mfupi.

Kwihara ndiko marehemu alikokaa na Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekwenda kumtafuta, mwaka 1872. Sasa walimkuta huko Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike papo hapo, kwa kuwa mbele kulikuwa na hatari. Wakakataa. Kwa wapagazi na watumishi, kumkatalia ofisa wa Kiingereza halikuwa jambo dogo, na uamuzi huo unastahili kukumbukwa kuliko unavyokumbukwa.

Wakaendelea, wakifuatana na wawili wa wenzake Cameron. Walipofika Kasekera, mmoja wao, Daktari Dillon, aliyekuwa amezidiwa na homa, alijiua. Na hapo hapo wenyeji wakakataa katakata maiti ya Livingstone isipite nchini mwao.

Susi na wenzake wakatangaza kwamba wameshindwa, wanairudisha maiti Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, ikazikwe. Kwa siri waliitoa kwenye gome, wakaifunga upya kwa nguo hadi ikawa mtumba kama mitumba mingine ya bidhaa. Kisha wakafunga mabua ya mtama kwa umbo la maiti, wakayavika nguo, na watu sita wakayabeba kurudi walikotoka, wenyeji wakitazama. Waliouigiza msiba ule walikuwa wafiwa kweli.

Jua lilipozama, wakiwa ndani kabisa ya pori, wale sita walianza kuyatupa mabua, moja huku, jingine kule, na nguo vivyo hivyo. Halafu mmoja mmoja akaruka kutoka njiani hadi kwenye majani marefu, asiache unyayo, wakarudi kwa wenzao kwa njia mbalimbali. Hila hiyo ilihitaji watu walioijua kazi ya upagazi: katika njia iliyopitisha mitumba ya merikani, kitambaa cha pamba cha biashara, miaka nenda miaka rudi, nani angeutazama mtumba mara mbili?

Mauti hayakuwaacha. Baadaye msichana wa msafara, Losi, akitembea na mtungi wake wa maji, aligongwa na nyoka. Hazikupita dakika 10 akakata roho.

Februari 1874 mtumba ulifika Bagamoyo, na maofisa wa Kiingereza wakaupokea. Aprili 18, Livingstone alipozikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, kati ya wote walioubeba mwili alikuwepo Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya mazishi, wakamsimulia yote Horace Waller, aliyekuwa akihariri shajara za mwisho za marehemu. Habari za Kasekera zilitoka vinywani mwao.