Sehemu ya 4: Mapunye, kutoka kofia ya ulimbo mpaka kidonge

Haya wapendwa, tuendelee na mfululizo wetu wa nywele kunyonyoka. Mara iliyopita tuliongelea nywele za mama zinazotoka baada ya kujifungua. Leo zamu ya watoto: mapunye. Wengine mnayaita mashilingi, yale mabaka ya duara kichwani.

Wiki hii alikuja mama na mtoto wa kama miaka sita, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Kuivua, kichwa kina vidonda vibichi. Mama akaniambia, "Sista, tumesugua na gunzi, tumeweka maji ya betri, tumepaka losheni ya dukani miezi mitatu. Hayaishi." Sikumgombeza. Maana alichofanya yeye, hata madaktari wakubwa wa Ulaya walikifanya, tena kwa miaka mingi kweli. Ngoja niwasimulie.

Zamani huko Ufaransa, mtoto mwenye mapunye alivalishwa kofia iliyopakwa ulimbo mzito kama lami. Ulimbo ukishashika nywele, kofia inavutwa kwa nguvu na nywele zinang'oka nayo. Hebu fikiria kilio cha huyo mtoto. Wengi waliamini ugonjwa unatokana na uchafu ulioko ndani ya mwili. Lakini kuna jambo moja la kweli walikuwa wameliona: nywele zikitoka na mizizi yake, kuna watoto wanapona. Kwa nini? Hawakujua.

Jibu alilipata David Gruby, daktari mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akiishi Paris. Yeye alichukua nywele za wagonjwa akaziweka kwenye hadubini. Kati ya mwaka 1841 na 1844 aliandika kwamba mapunye yanaletwa na fangasi, na kwamba wako aina tofauti: wengine wanauzunguka unywele kwa nje, wengine wanaingia ndani yake. Si damu chafu, si laana, wala si uzembe wa mama. Cha kusikitisha, wengi hawakumjali. Ilichukua kama miaka 50 mpaka daktari mwingine wa Paris, Raymond Sabouraud, akaifufua kazi hiyo na kuonyesha kwamba Gruby alikuwa sahihi.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Fangasi wa mapunye hakai juu ya ngozi tu. Anashuka na unywele mpaka chini kwenye shina lake. Dawa ya kupaka inaishia juu, yeye yuko chini amejificha. Ndiyo maana baka linaonekana kama linapona, baada ya wiki mbili limerudi. Madaktari wa wakati ule walimjua adui kwa jina, ila hawakuwa na dawa ya kumfikia. Kwa hiyo watoto waliendelea kung'olewa nywele, na wengi walizuiwa shule miezi na miezi. Hospitali ya Saint-Louis pale Paris ilifikia hatua ya kuwa na shule yake ndani, kwa ajili ya watoto wa mapunye tu.

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen akagundua eksirei. Haikuchukua muda, watu wakaona kwamba mionzi hiyo inanyonyoa nywele. Mwaka 1904 Sabouraud akatoa njia ya kupima kiasi cha mionzi: nywele za mtoto zinadondoka zenyewe baada ya wiki chache, halafu zinaota mpya zikiwa safi. Ugonjwa uliokuwa ukichukua mwaka na zaidi ukawa unaisha kwa miezi michache. Bila kofia ya ulimbo, bila kilio. Nani angekataa? Njia hiyo ikaenea nchi nyingi.

Wengine walitumia thaliamu, sumu ambayo mtoto alimezeshwa ili nywele zidondoke. Kuna watoto waliokufa kwa dawa hiyo.

Ya eksirei yalikuja kujulikana baadaye. Nchini Israeli, miaka ya 1950 hivi, maelfu ya watoto walipigwa mionzi kichwani kwa sababu ya mapunye, wengi wao wakiwa wa familia zilizohamia kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Mwaka 1974 daktari Baruch Modan na wenzake walitangaza matokeo ya kuwafuatilia karibu watu 11,000 kati yao. Uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi la shingo vilikuwa vingi kwao kuliko kwa wenzao ambao hawakupigwa mionzi. Mwaka 1994 nchi hiyo ikatunga sheria ya kuwalipa fidia. Mtoto alipona mapunye, akaugua akiwa mtu mzima.

Na uchungu wenyewe ni huu: dawa ilikuwa imeshaonekana. Mwaka 1939 watafiti wa London waliipata griseofulvini kutoka kwenye aina ya ukungu. Kwa muda mrefu ikafikiriwa kuwa ni dawa ya mimea tu. Mwaka 1958 ndipo mtafiti wa Glasgow, J. C. Gentles, alipowapa simbilisi wa maabara wenye fangasi dawa hiyo kwa mdomo, wakapona. Ndani ya muda mfupi ikaanza kupewa watu. Ikimezwa inapita kwenye damu na kuingia kwenye unywele unaoota. Kule chini kwenye shina, ambako losheni haifiki, yenyewe inafika.

Kwa hiyo mama, kumbuka haya. Mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza, kwa kawaida wiki sita mpaka nane au zaidi, na kipimo kinategemea uzito wa mtoto. Griseofulvini inywewe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, inafanya kazi vizuri zaidi. Usiache kwa sababu baka limepungua. Shampuu ya fangasi inasaidia asiwaambukize wenzake, lakini peke yake haiponyi. Vitana na kofia msichangie, na watoto wengine nyumbani waangaliwe. Kama wewe ni mjamzito, dawa hii usiiguse.

Pia si kila kipara ni mapunye. Mapunye yana magamba, muwasho na nywele zilizokatika. Baka laini kabisa lisilo na magamba ni ugonjwa mwingine. Nywele zikiisha mbele na pembeni, angalia namna anavyosukwa. Na kichwa kikivimba na kutoa usaha, msikikamue wala kukipasua nyumbani. Njoo haraka, maana kovu likishajitengeneza pale nywele haziroti tena.

Yule mtoto ameanza dawa. Vidonda vya maji ya betri tunavisafisha kwanza, na hivyo ndivyo vinavyomliza, si mapunye.

Sehemu ya 5 tutaongelea kusukwa kwa kubana. Mwenye swali aniachie hapo chini.