Ndimu Iliyovuka Tanganyika

Kachumbari inayoliwa Baraka, mji wa Fizi kando ya Ziwa Tanganyika, pamoja na mukeke, samaki wa ziwa, wa kuchoma ina vitunguu, nyanya, pilipili, chumvi na maji ya ndimu. Wapendao utamu huongeza sukari kidogo. Mafuta hayamo, ingawa Fizi ni nchi ya michikichi na sombe, yaani kisamvu, haipikwi bila mawese. Sababu ni kwamba mawese yakipoa huanza kuganda, na juu ya mboga mbichi huacha utando mzito kinywani. Kazi yote ya kukoleza ikabaki kwa ndimu.

Nayo ndimu ilitoka mashariki. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamewatangulia. Miezi michache baadaye wakapanda mitumbwi kwenda Uvira, wakapitia Ubwari, rasi inayoikinga Baraka. Burton alidhani ni kisiwa, na bado ghuba iliyo kati ya rasi hiyo na Baraka inaitwa kwa jina lake kwenye ramani. Wafanyabiashara hao, Waarabu na Waungwana (wafuasi wao wa Kiswahili), walivuka ziwa kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na walipokaa Maniema, magharibi ya ziwa, walipanda mpunga, vitunguu na ndimu. Mashamba hayo yalilimwa na watu walionyakuliwa makwao. Historia ya chakula chetu isiyolitaja hilo ni pungufu.

Chumvi ya chemchemi za Uvinza, ng'ambo ya ziwa, ilikuwa ikiuzwa huku zamani, kabla ya Mzungu yeyote kufika. Sukari ilikuja kuwa ya karibu miwa ilipolimwa Kiliba, jirani na Uvira, hadi vita vya Kongo vya 1996 vilipokisimamisha kiwanda cha sukari cha huko. Vita hivyo hivyo viliwavusha maelfu ya watu wa Fizi hadi kambi za Kigoma. Safari za meli za kuwarudisha Baraka zilianza 2005.

Katika kachumbari, utamu na uchachu hupatana ukifuata mpangilio. Koroga ndimu, sukari na chumvi kwanza mpaka punje ziyeyuke. Mimina juu ya vitunguu, uviache vilainike na kupoteza ukali. Nyanya ziingie mwisho kabisa, kwa kuwa chumvi huzitoa maji na bakuli zima likawa majimaji. Na ukitaka kumpaka samaki mchanganyiko wa ndimu na sukari, ngoja atoke motoni: ndimu itamkata shombo vizuri tu, ilhali sukari ikiwekwa mapema huungua na kuwa chungu kabla nyama haijaiva.