Masjala ya kisasa: Jinsi barua pepe inavyojifungulia faili

BARUA ikipotea katika ofisi ya umma, kinachopotea si karatasi pekee. Huenda pamoja nayo kisima ambacho kingekarabatiwa, malipo ambayo mwanakandarasi ameyasubiri kwa muda, au haki ya mwananchi ya kupewa taarifa.

Mkazi wa Muhuru Bay hawezi kufika mjini Migori kila wiki kuulizia barua yake. Yule wa Kisiwa cha Mfangano hana budi kuvuka ziwa kwanza ndipo ashike njia ya Homa Bay. Barua pepe ilitarajiwa kuwaondolea watu hawa usumbufu huo. Hata hivyo, ujumbe unaweza kufika kwa sekunde chache kisha ukakaa miezi bila kushughulikiwa, kwa kuwa hakuna aliyeugeuza kuwa kazi ya mtu fulani, yenye tarehe ya kukamilishwa.

Makala haya yanaeleza namna barua pepe inayoingia inavyoweza kuunganishwa na programu ya kusimamia kazi au miradi, ili hatua za mwanzo zifanyike zenyewe.

Masjala ya zamani

Wazo lenyewe si geni. Katika masjala ya serikali, karani alipokea barua, akaipiga mhuri wa tarehe, akaiandika katika daftari la barua zinazoingia, akaitia katika faili yenye nambari, kisha akaipeleka kwa afisa husika. Siku iliyowekwa ilipowadia, faili ilirejeshwa mezani pa afisa huyo ili ieleweke kilichofanyika.

Barua pepe iliruka masjala na kwenda moja kwa moja kwa afisa. Mwendo uliongezeka, lakini daftari likatoweka. Afisa akihamishwa, akienda likizo au akistaafu, barua zake hubaki katika sanduku ambalo wenzake hawawezi kulifungua. Uunganishaji unaozungumziwa hapa hurejesha daftari hilo bila kupunguza mwendo.

Hatua sita

Kwanza, ofisi huweka anwani moja ya kupokelea, isiyo ya mtu binafsi. Pili, programu husoma kila ujumbe na kuupima kwa kanuni zilizowekwa: ni nani aliyeutuma, kichwa chake kinasema nini, una kiambatisho au la. Tatu, programu hufungua kazi mpya. Kichwa cha barua huwa jina la kazi, matini huwa maelezo, na viambatisho hunakiliwa mahali pamoja.

Nne, kazi hupewa nambari, tarehe ya mwisho na afisa wa kuishughulikia. Migori na Homa Bay zina maeneobunge manane na wadi 40 kila moja, kwa hivyo jina la wadi latosha kuonyesha kazi iende kwa nani. Tano, mwandishi hujibiwa papo hapo kwamba barua yake imepokelewa, akapewa nambari ya kuifuatilia. Sita, programu humkumbusha afisa kabla ya muda kwisha, na muda ukipita humjulisha mkubwa wake.

Swali la kawaida ni jinsi programu inavyotambua kuwa barua ya pili ni jibu la ile ya kwanza. Kanuni za kiufundi za barua pepe zilizochapishwa mwaka wa 1982 ziliweka nafasi ya kitambulisho cha kila ujumbe, na nafasi nyingine ya kutaja ujumbe unaojibiwa. Aidha, programu nyingi huweka nambari ya kazi katika kichwa cha barua. Kwa hivyo, mwandishi anayejibu bila kuifuta nambari hiyo huwa ameirudisha barua yake katika faili ile ile.

Programu za aina hii zimekuwepo muda mrefu. Request Tracker ilianzishwa mwaka wa 1996, nayo Redmine ikatolewa mwaka wa 2006. Zote mbili hupatikana bila malipo na huweza kufungua kazi kutokana na barua pepe. Baadaye zilikuja huduma kama Zapier, iliyoanzishwa mwaka wa 2011, ambazo huunganisha programu mbili bila mtumiaji kuandika msimbo wowote.

Sheria inayohesabu siku

Kwa ofisi za umma nchini Kenya, suala hili lina uzito wa kisheria. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka wa 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na inaitaka ofisi kutoa uamuzi katika muda usiozidi siku 21. Iwapo taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu, muda huo ni saa 48.

Ombi lililopelekwa kwa ofisi isiyohusika linafaa kuhamishiwa panapostahili katika siku tano. Ofisi inaweza kuongeza muda mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14.

Tuchukue mfano. Barua ikiingia Juni 1, siku ya mwisho ni Juni 22. Afisa mwenye barua mia mbili katika sanduku lake hawezi kuikumbuka kila tarehe. Programu huihesabu mara barua inapoingia, na ikamwonya afisa Juni 15 kwamba imesalia wiki moja.

Funzo kutoka Ushahidi

Kenya yenyewe ina tajiriba ya kugeuza ujumbe kuwa kumbukumbu inayofuatiliwa. Jukwaa la Ushahidi liliundwa Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ili kukusanya ripoti za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Baadaye lilitumika katika nchi nyingi, likipokea ripoti kupitia tovuti, arafa na barua pepe.

Funzo lake kuu ni kwamba mashine hukusanya na kupanga, ilhali kuthibitisha ukweli wa ripoti ni kazi ya binadamu.

Hatari za kuepukwa

Kanuni inayotafuta neno moja huacha mengi. Mkazi wa Nyatike akiandika "mafuriko" baada ya Mto Kuja kuvunja kingo zake, programu itaitambua barua yake kuwa ya dharura. Akiandika "maji yameingia nyumbani", huenda ikaipeleka kwa wanaoshughulikia mifereji ya maji safi. Akiandika kwa Dholuo, ambapo maji huitwa "pi", huenda isiitambue kabisa. Kwa hivyo sharti kuwe na trei ya barua zisizotambuliwa, na mtu wa kuisoma kila siku.

Hatari ya pili ni majibu yanayojibizana. Mashine ya ofisi moja ikijibu mashine ya ofisi nyingine, barua zinaweza kuongezeka bila kikomo. Kanuni ya mwaka wa 2004 inataka majibu ya mashine yatiwe alama, na programu zisiyajibu.

Hatari ya tatu ni siri za watu. Migori na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoathiriwa zaidi na virusi vya Ukimwi nchini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti. Matokeo ya mgonjwa yakinakiliwa moja kwa moja kwenye ubao wa kazi unaosomwa na idara nzima, madhara yake hayafutiki. Barua za namna hiyo ziwe na anwani ya pekee na wasomaji wachache.

Mwisho, jina la mtumaji wa barua pepe laweza kughushiwa. Programu inaweza kufungua kazi ya kukagua ankara, lakini isiruhusiwe kamwe kuidhinisha malipo.

Pa kuanzia

Ofisi isianze na barua zote. Ichague aina moja tu, mathalan maombi ya taarifa au malalamiko ya maji, na iandike kwenye karatasi hatua ambazo barua hiyo hupitia kwa sasa. Ikiwa hakuna ajuaye nani huijibu, hakuna programu itakayoondoa tatizo hilo. Mwenye kazi atajwe kwanza, ndipo mashine ifundishwe kumpelekea.

Kipimo cha mafanikio nacho si idadi ya barua zilizopokelewa, bali ni siku zinazopita kati ya mwananchi kuandika na mwananchi kujibiwa.