Sigiri ya Katwe

Waganda huhesabu jamaa zao kwa jiwe la jikoni. Juu kabisa ipo ekika, yaani ukoo mzima; chini yake hufuata essiga, kisha omutuba, olunyiriri, oluggya, na mwisho enju, nyumba ya mtu na watoto wake. Essiga ni lile figa, moja kati ya mawe matatu yanayobeba chungu. Mswahili husema mafiga, Mganda husema amasiga. Ni neno moja, tumelirithi sote kwa wahenga wale wale. Mwenye kuandika tarehe ya meko ya Kampala hana budi kuanzia kwenye mawe hayo matatu, maana ndiko wenyeji wanakoanzia kujitaja.

Mengo, langoni pa Kabaka, upo moto uitwao Gombolola. Huwaka usiku na mchana maadamu mfalme yu hai. Akifariki huzimwa, na Waganda hawasemi kwamba Kabaka amekufa, husema moto umezimika. Wakati wa wakoloni neno gombolola likageuka jina la ngazi ya utawala, na leo ukienda kutafuta barua ya mwenyekiti unalitamka bila kukumbuka moto. Nalitaja kwa sababu mji huu ulijua heshima ya moto kabla haujaitwa mji. Ngome ya Mwingereza Lugard ilisimama kwenye kilima cha Kampala mwezi Desemba 1890. Mengo ilikuwa tayari ina ikulu, ina njia pana zilizofagiliwa, na ina wafinyanzi wake wa kifalme, Bajoona, waliosugua vyungu kwa grafaiti hadi viking'ae vyeusi kama chuma.

Chini ya kilima cha Mengo, upande wa barabara ya Entebbe, ndipo ilipo Katwe.

Mafiga yanataka ua, yanataka kuni, yanataka mahali moshi utakapokwenda. Mji ulipojaa watu, vyote vitatu vikaadimika. Aliyekuja kutafuta kazi alipanga muzigo, chumba kimoja katika safu ya vyumba, mlango ukifungukia kibaraza cha futi chache. Hapo kuni hazina nafasi. Makaa yana nafasi, na makaa yanataka chombo cha kubebeka. Chombo hicho Kampala hukiita sigiri, neno lililovuka bahari kutoka India, ambako sigri ni jiko dogo la makaa. Pwani wengi huliita seredani. Simulizi inayotolewa na wengi ni kwamba jiko la bati lilienea bara pamoja na vibarua na wafanyabiashara wa Kihindi waliofuata reli. Reli hiyo ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala yenyewe mwaka 1931. Neno lenyewe linaunga mkono simulizi hiyo.

Mafundi wa Katwe wakalichukua bati wakalifanya lao. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, maduka yakabaki rafu tupu, na mji ukajifunza kutegemea mtu mwenye nyundo na chuma chakavu. Pipa la mafuta likawa karai, likawa sanduku la shule, likawa sigiri. Ubavu wa gari lililogongwa nao ukaingia jikoni. Sijui mtaa mwingine Afrika Mashariki ambao jina lake peke yake humaanisha ufundi wa namna hii. Ukisema kitu kimetengenezwa Katwe, kila mtu wa Kampala anaelewa.

Lakini sigiri ya bati tupu ina ila. Bati linapashwa, linawaka jekundu, na nusu ya makaa unayonunua inapasha kibaraza badala ya sufuria. Mtoto akiligusa anaungua. Chini huliwa na joto, na baada ya miezi kadhaa tako linadondoka.

Dawa ilitoka Nairobi. Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya huko mkutano mkubwa juu ya nishati jadidifu, na katika miaka iliyofuata wabunifu, Maxwell Kinyanjui akiwa miongoni mwao, pamoja na shirika la KENGO na wizara ya nishati, walihangaika na jiko lililovutwa kutoka Thailand: ndoo ya bati yenye kikombe cha udongo ndani. Majiko ya kwanza yalikuwa ya ubavu ulionyooka, udongo umejaa toka juu hadi chini, nayo yalipasuka. Ndipo kiuno kikabanwa. Juu na chini papana, katikati pembamba, na udongo ukawekwa nusu ya juu tu, ukilala juu ya kiuno bila kutoka. Kati ya udongo na bati likapakwa tabaka la saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayofutuka yakichomwa na kuzuia joto lisipite. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakalipokea, nalo likapunguza makaa kwa theluthi, pengine hadi nusu.

Kampala nayo ilifuata. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Ugastove ya hapa mjini ikawa miongoni mwa za mwanzo duniani kupata fedha za hewa ukaa kwa ajili ya majiko ya makaa: kila gunia lisilochomwa likahesabiwa kuwa moshi usiopanda, na moshi huo ukanunuliwa ng'ambo. Vibanda vya barabarani navyo vikaiga kikombe cha udongo, vingine vizuri, vingine vibaya.

Mimi niliuziwa kibaya. Kilinivunjikia mkononi vipande viwili wiki ya pili, nikabaki na bati lenye kiuno na lisilo na moyo. Nikateremka Katwe kutafuta mtu wa kunifundisha nilichokosea, na mzee mmoja akanipa kigoda.

Fuawe yake ilikuwa kipande cha reli. Alikuwa amelipasua pipa kwa patasi, amelikunjua, na sasa alikuwa akikunja ukingo wake kidogo kidogo, pigo moja kila upana wa kidole, akigeuza bati kwa mkono wa kushoto bila kulitazama. Hakuwa na rula. Alikuwa na kijiti chenye alama tatu: ya mdomo, ya kiuno, ya tako. Kilango cha hewa alikikata kwa mkasi wa bati, akakitia bawaba ya waya.

“Ssebo,” aliniambia, “bati ni nguo tu. Jiko ni udongo.”

Akanyanyua kikombe kimoja, akakining'iniza kwenye vidole vitatu, akakigonga kwa kifundo. Kililia kama kengele iliyofunikwa kitambaa. Cha pili kilitoa mlio wa mbao, akakiweka pembeni. Hakikuiva, akasema, au kina ufa usioonekana. Udongo huo huchimbwa kwenye mabonde ya mafunjo yanayozunguka mji. Hulowekwa, hukanyagwa kwa miguu, hutolewa mawe na mizizi, hubanwa kwenye kalibu. Kisha hukauka kivulini siku nyingi. Anayeanika juani ili awahi soko ndiye anayeuza nyufa. Baada ya hapo ndipo tanuri.

Tangu siku ile nikiona udongo au jiwe nafikiria moto, nami naitazama kwa jicho jingine mitaa ya wauza vinyago, palipojaa mawe ya Kisii. Yanachimbwa Tabaka, upande wa Kenya, na hufika hapa yakiwa mabakuli, vifaru na vinara vya mishumaa viwili viwili. Ni jiwe la sabuni, laini kwa sababu limejaa talki, ile ile inayosagwa kuwa poda ya watoto, kisu kinaliingia. Wafini wana jiwe la jamii hiyo huko Juuka, mashariki mwa nchi yao, wanaliita vuolukivi, jiwe la kuchonga. Kampuni ya Tulikivi hulikata kwa misumeno mikubwa likiwa magogo, hulipasua mbao, hulipanga kuwa meko marefu ya sebuleni na majiko ya sauna. Jiwe hilo halitishwi na moto. Unachoma kuni saa chache jioni, unaacha moto ufe, na jiwe linaendelea kulitoa joto lile usiku kucha huku nje theluji ikianguka.

Kampala sauna zipo nyingi, watu huzijaa baada ya kazi, lakini nyumba zetu haziombi joto. Kwa hiyo udongo wa Katwe una kazi kinyume na jiwe la Juuka: haugawi joto kwa chumba, unalizuia lisitoroke na kulielekeza juu. Na sababu ni matooke. Ndizi humenywa, hufungwa kwenye majani ya mgomba, hupandishwa kwenye sufuria yenye maji kidogo, na zikishaiva na kupondwa hurudishwa tena zitulie kwa moto mdogo saa nyingine kadhaa. Hilo ndilo linaloitwa okuboobeza. Mama anafunika makaa kwa jivu, anafunga kilango kibaki ufa wa kidole, anakwenda sokoni. Bati tupu lingekuwa limezima. Umeme ungemmalizia mshahara.

Makaa yenyewe yanatoka mbali na kwa gharama ya miti. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaskazini mwa nchi, na bei ya gunia mjini ikawa mazungumzo ya kila kibaraza. Nawaelewa watu wa Acholi wanaolia kwa ajili ya mishea yao iliyokatwa. Kwa sababu hiyo kikombe kilichoiva sawasawa nakiona ni deni la fundi kwa msitu, si kwa mteja peke yake.

Mzee alichagua kikombe kilicholia, akakilaza juu ya kiuno, akakizungusha hadi kikakaa. Akakoroga saruji, akaisukuma pembeni kwa kidole gumba, akaulainisha ukingo kwa kitambaa chenye maji.

“Usiliwashe leo,” akasema. “Wala kesho. Siku ya kwanza tia makaa ya kiganja kimoja, uchemshe chai tu.”