Mnazi, Ukame na Mkono wa Serikali

Katika soko la Usa River, chini ya Mlima Meru, nazi huuzwa kila siku ingawa nchi yenyewe si ya minazi. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, penye migomba na mibuni, na nazi zetu hupandishwa kwa malori kutoka pwani. Maji nayo hushika njia ya kinyume. Mto Usa humiminika katika Kikuletwa, Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huyachukua maji hayo hadi baharini, kwenye mashamba ya minazi. Kwa hiyo habari ya mkulima wa nazi, na jinsi Serikali ilivyojaribu kumwauni wakati wa ukame, yatuhusu pia sisi watu wa milimani.

Mtu wa bara aghalabu hudhani kwamba mnazi, kwa kuwa huota mchangani penye jua kali, haujali kiu. Sivyo. Mnazi hustawi sana penye mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka, iliyogawanyika vema katika miezi, na sehemu nyingi za pwani yetu hupata pungufu ya hiyo. Aidha, mnazi hauonyeshi maumivu yake mara moja. Tangu karara kupasuka, kidaka huchukua takriban mwaka mzima kupita kitale, dafu na koroma hadi kuwa nazi kavu. Na ua lenyewe lilikwisha kuanza kuumbika ndani ya shina miaka miwili au zaidi kabla ya hapo. Mahindi yakikauka, njaa huonekana msimu ule ule. Minazi ikipatwa na kiu, mkwezi huendelea kuangua, na hasara hujitokeza mwaka unaofuata au wa pili yake, wakati mvua imekwisha rudi na hakuna tena anayezungumza habari ya ukame.

Nadhani jambo hili lilimpunja mkulima wa nazi. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 ulipoikumba nchi, Serikali iliagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo na kutangaza kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Ilikuwa haki kuanza na chakula. Lakini mwenye minazi hakuwa na shamba lililonyauka la kumwonyesha Bwana Shamba. Alikuwa na miti iliyosimama wima, ikizaa kidogo kidogo zaidi.

Msaada wa minazi yenyewe ulikuja mwaka 1979, ulipoanzishwa Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi na Benki ya Dunia. Minazi mingi ilikuwa imezeeka, na ugonjwa wa kunyong'onyea ulikuwa ukiiua: nazi hupukutika, karara huwa nyeusi, makuti hugeuka manjano, na mwishoni kilele huanguka, likabaki shina tupu kama mlingoti. Wataalamu waliweka tumaini katika mbegu chotara, hasa ile iliyotoka Port-Bouët nchini Ivory Coast, mtoto wa mnazi mfupi wa Malaya na mnazi mrefu wa Afrika ya Magharibi. Chotara huzaa mapema kuliko mnazi wetu mrefu, ambao humngojesha mwenyewe miaka sita, saba au minane. Ni nani asingevutiwa?

Majaribio yakatoa jibu jingine. Chotara alidhoofika kwa ukame, na ugonjwa ulimwua kwa wingi. Mnazi mrefu wa Afrika ya Mashariki, ule uliopandwa na mababu bila ya kitalu wala mtaalamu, ulistahimili kiu vizuri zaidi, na baadhi ya koo zake zilionyesha ukinzani kwa ugonjwa. Watafiti wakageukia kuchagua mbegu miongoni mwa minazi ya wenyeji. Mimi nauhesabu mgeuko huo kuwa ndio heshima kubwa ya mpango ule, kwani si rahisi kwa ofisi kukiri kwamba mbegu bora ilikuwa uani kwa mkulima. Hata hivyo, aliyepanda chotara ukamfia hakurudishiwa miaka yake.

Hali kadhalika ilikuwa kwa siafu wekundu wa mitini, waitwao maji moto. Mkwezi huwachukia kwa kuuma kwao. Lakini utafiti uliofanywa Unguja na bara ulithibitisha kwamba hao ndio wanaomfukuza mdudu anayefyonza vidaka na kuvipukutisha, na wakulima wakashauriwa kuwatunza. Kazi ya mpango ilirithiwa mwaka 1996 na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Mikocheni, Dar es Salaam, ambayo leo ni sehemu ya TARI.

Yabaki maji. Mwaka 1991 Serikali iliunda ofisi ya Bonde la Pangani ili kugawa maji ya mto huo, kuanzia mifereji ya Meru na Kilimanjaro hadi mitambo ya umeme ya Hale na mlango wa bahari. Mto unapopungua, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuingia mashambani. Hapa Usa River, kiangazi kikiwa kikali, wazee wa mfereji hukutana kupanga zamu, nani afungue alfajiri na nani jioni. Mkulima wa Pangani hana zamu katika kikao hicho.