Nani Anayeitwa? Majina ya Nyumba za Sanaa za Nairobi na Mtazamaji wa Eastlands

Historia ya nyumba za sanaa jijini Nairobi aghalabu husimuliwa kwa kutaja waasisi, wanunuzi na mitindo ya uchoraji. Ni nadra kuzingatiwa kwamba nyingi miongoni mwa nyumba hizo, zikiwemo zilizoanzishwa na wageni, zilijichagulia majina ya Kiswahili. Jina la mahali pa umma ni mwaliko: humwita mtu. Makala haya yanachunguza majina manne, yaani Paa ya Paa, Watatu, Kuona na Wajukuu, ili kubainisha ni nani aliyekuwa akiitwa, na iwapo mkazi wa Eastlands, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya sokoni na ya uani, aliweza kuitika.

Suala hili halitenganiki na ramani ya jiji. Utawala wa kikoloni uliwagawa wakazi kwa misingi ya rangi: Wazungu walijengewa upande wa magharibi, Waafrika wakasongwa upande wa mashariki. Pumwani ilianzishwa mapema katika miaka ya 1920; Kaloleni, Ziwani na Bahati zikafuata kabla ya uhuru. Katika miaka ya 1970 zikaongezeka Buruburu, Umoja na Dandora. Mitaa hiyo ilipata kumbi za jamii na masoko. Nyumba za sanaa zilifunguliwa kwingine: kwanza katikati ya jiji, baadaye magharibi, mathalani Rosslyn na Lavington.

Paa ya Paa ilianzishwa mwaka 1965 na mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania, pamoja na wenzake, wakiwemo mshairi Jonathan Kariara na mwanahabari Hilary Ng'weno. Fasihi na uchoraji zilikaa chini ya dari moja. Jina lenyewe ni shairi fupi: paa mnyama apaa angani. Hata hivyo, mwanasarufi angetarajia upatanisho wa viumbe hai, yaani "paa apaa". Hiyo "ya" iliyosimama peke yake humruhusu msikilizaji kusikia pia kihusishi cha umilikaji, na neno "paa" humkumbusha paa la nyumba. Utata huo ni utajiri wa kifani. Lakini fumbo huhitaji mfumbuzi aliyekwisha kufika mlangoni.

Watatu, iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, iliitwa hivyo kwa sababu waasisi wake walikuwa wasanii watatu. Kisarufi hiki ni kivumishi cha idadi kisicho na nomino, na idadi yake imekwisha kutimia. Kila aingiaye ni wa nne. Tangu katikati ya miaka ya 1980 hadi kifo chake mwaka 1996, Ruth Schaffner aliiendesha kwa kuwapa nafasi wachoraji ambao hawakupitia vyuo vya sanaa. Ukarimu huo ulikuwa na kitendawili chake. Mchoraji alibeba turubai hadi mjini, lakini watu aliowachora hawakuwa wanunuzi, na kazi nyingi ziliishia mikononi mwa wageni. Hata istilahi ya "msanii asiyesomea" ilimpima kwa kile alichokikosa, ikanyamazia kile alichojifunza kutoka kwa wachora vibao na mafundi wa jua kali.

Ilhali Eastlands ilikuwa na maonyesho yake. Vibao vya vinyozi, kuta za vilabu na mabodi ya matatu vilitazamwa na maelfu kila siku bila kiingilio. Matatu iliunganisha picha na maandishi kama ifanyavyo kanga, na abiria alikuwa mhakiki: gari lenye michoro duni liliachwa likiita abiria. Kanuni za mwaka 2004, zilizolazimisha mstari wa manjano, zilipunguza sana sanaa hiyo. Dennis Muraguri, aliyesomea katika chuo cha sanaa cha Buruburu, ameihamishia matatu kwenye chapa za mbao. Hivyo chombo kilichokuwa galari chenyewe kimeingia galarini kikiwa picha.

Kuona, iliyoanzishwa mwaka 1995 katika Makumbusho ya Taifa, ni kitenzi-jina: tendo halina mtenda, basi yeyote aweza kuona. Ilitoa kipaumbele kwa nafasi ya kufanyia kazi, na mgeni akaweza kuiona kazi ikiwa bado haijakauka. Baadaye ilihamia GoDown, kituo kilichofunguliwa mwaka 2003 katika bohari la Barabara ya Dunga, eneo la viwanda. Sanaa ikawa imesogea hadi kizingiti cha Eastlands.

Wajukuu ilivuka kizingiti hicho. Kundi hili, ambalo Shabu Mwangi ni miongoni mwa waasisi wake, lina makao Lunga Lunga, katika Mukuru, na huwafundisha watoto wa hapo. Jina lake ni nomino ya uhusiano: hakuna mjukuu asiye na babu au bibi. Mwaka 2022 kundi lilialikwa kwenye documenta ya 15 mjini Kassel, Ujerumani, likafunika lango la ukumbi kwa mabati, likatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Humo Ngugi Waweru alionyesha kazi ya visu vilivyochakaa, yenye jina la methali ya Kigikuyu kuhusu kisu kikali kinachomkata mwenyewe. Mtazamaji asiyeijua methali huona chuma. Aijuaye husoma hoja.

Mwelekeo wa safari umegeuka: sasa mnunuzi na mtafiti ndio wanaopiga hodi Mukuru. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ziara ya studio yaweza kuugeuza umaskini kuwa sehemu ya maonyesho, mgeni akaondoka na picha ya mtaro badala ya maana ya kazi. Uponaji huanza pale mgeni anapomsikiliza mwenyeji kama msomaji wa kwanza wa kazi hizo. Jirani anayepita na ndoo ya maji, akasimama mlangoni na kutaja methali, amekwisha kuanza uhakiki. Msomi humkuta njiani.